Tangi Lililonyimwa Pumzi

Kwamba Hajji Mohamednur amepeleka lori lake kwa Kerosi sikuambiwa na Hajji, wala na dereva wake. Niliambiwa na mke wangu Celestine, aliyerudi kutoka soko la Migori na nyanya pamoja na habari hiyo, akavitua vyote viwili mezani kwa mkupuo mmoja.

“Ile Bedford ya Hajji nimeiona pale kwa fundi mpya,” alisema. “Boneti iko juu, imeachama kama mtu anayetazamwa meno.”

Nikamwambia sawa. Nikaendelea kula. Celestine alinitazama nikikata tonge la ugali na kulichovya kwenye bakuli ambalo halikuwa na mboga tena.

“Baba Robi, uko salama?”

“Nina nini mimi? Lori ni yake. Anaweza kuipeleka hata kwa kinyozi.”

“Basi toa kidole kwenye bakuli.”

Miaka kumi na moja nililishika lori lile. Tangu mwaka wa themanini na tano hakuna mkono mwingine uliogusa injini yake. Kazi yenyewe sikufundishwa darasani. Nilifundishwa kwa makofi na fundi mmoja aliyekuwa akinirushia spana kila nilipokosea namba, na kwa kuwa alikuwa na shabaha nzuri, nilijifunza haraka. Bedford ya Hajji ndiyo ilikuwa cheti changu. Ikipita mjini na ile sauti yake nzito, watu walisema, “Hiyo ni mkono wa Gisiri,” nami nilijifanya sikusikia ili warudie.

Kerosi alikuja baada ya Pasaka. Alikuwa amefanya kazi Homa Bay miaka kadhaa, na alikuja na ovaroli ya buluu iliyoshonwa jina lake kifuani kwa uzi mwekundu. Alikuwa na sanduku la vifaa linalofunguka kwa ngazi tatu, kila spana na kitanda chake. Vifaa vyangu vililala pamoja katika gunia la unga, kama wafungwa. Yeye alifuta mikono kwa kitambaa. Mimi nilifuta kwa suruali. Haya yote ningeyavumilia. Kilichonichoma ni kwamba alikuwa na adabu. Ukitaka kumchukia mtu, hakuna kikwazo kibaya kama mtu huyo kukusalimia vizuri kila asubuhi.

Ugonjwa wa lori ulikuwa umeanza Februari. Linaondoka Migori vizuri, linapita Uriri vizuri, likikaribia Rongo linaanza kusitasita. Gordon, dereva, anakanyaga mafuta, nalo linafikiri kwanza. Kisha linashtuka, linaruka mbele, linarudi nyuma, magunia yanagongana, na mwisho linazima katikati ya kilima. Wanakaa kando ya barabara nusu saa wakililaani. Wakilitia ufunguo tena, linawaka kama mtu aliyetoka kuoga.

Nilibadilisha filta. Nikatoa hewa kwenye mipira ya dizeli. Nikashusha tangi, nikaliosha mpaka ungeweza kulipikia chai. Hapo uwanjani kwangu liliimba. Nikalirudisha limepona, likarudi likivutwa kwa kamba. Nikalitibu tena, likarudi tena kwa kamba. Mara ya tatu kamba ilipita mlangoni kwangu bila kusimama.

Sasa, pale kwetu nyuma ya soko, mafundi tuna sheria moja ambayo hakuna aliyeiandika. Ukilitengeneza gari lililokuwa la mwenzako, hulitoi barabarani kulipima mpaka yule fundi wa kwanza awe ndani. Anakaa kebini, anaona kila kitu, ili kesho asije kusema uliliua wewe au ulinyofoa kitu chake. Anayeivunja sheria hiyo hapati hata wa kumwazima jeki.

Kwa hiyo Kerosi alikuja kuniita. Alisimama nje ya kibanda changu, mikono nyuma.

“Mzee Gisiri, shikamoo.”

“Marahaba. Mgonjwa ameamka?”

“Ameamka, lakini sijamwamini. Kesho asubuhi tunaipima mpaka Homa Bay. Hajji ana mahindi ya kushusha huko. Nakuomba ukae na sisi.”

“Umepata ni nini?”

“Nadhani ni pampu ya dizeli imechoka. Lakini nataka nisikie kwanza.”

Pampu ile niliiseti mimi, kwa mikono hii. Mtu aliyeijua kwa siku nne ananiambia imechoka.

“Sawa,” nikasema. “Nitakuja nikuone ukisikia.”

Asubuhi Hajji Mohamednur alitukuta kwenye kituo cha mafuta, kofia yake nyeupe, fimbo mkononi. Ni mtu wa maneno machache na huyatoa kama anatoa misumari kutoka mdomoni.

“Warya,” akatuita kwa Kisomali, “sikilizeni. Mimi nimechoka na kamba. Atakayeiponya hii lori leo ndiye ataishika. Yule mwingine asiiguse tena mpaka nife.”

Kisha akaamuru tangi lijazwe mpaka mdomoni. Gordon, ambaye ulimi wake haukuwahi kupata likizo, akagonga mlango wa lori.

“Leo umekula ukashiba. Ukigoma tena ni roho mbaya tu.”

Nilipaswa kulisikia neno lile vizuri zaidi. Ni kweli kwamba siku Hajji alipokuwa na mkono mkunjufu na tangi likajaa, ndipo lori liligoma mapema. Siku za dizeli kidogo lilikwenda mbali. Lakini nani anasikiliza Gordon?

Tulikaa wanne: Gordon kwenye usukani, Hajji dirishani, Kerosi katikati, na mimi nimebanwa na mkono wa gia kiasi kwamba kila Gordon alipoingiza gia ya tatu, nilipigwa gotini. Tulipovuka daraja, Kerosi akafumba macho na kuinamisha kichwa.

“Nyamazeni,” Hajji akasema. “Fundi anasikiliza.”

Miaka kumi na moja, mimi nikifumba macho kwenye lori hili, Hajji alikuwa akiniuliza kama nimelala.

“Unasikia nini?” nikamuuliza Kerosi.

“Bado iko sawa.”

“Hata mimi nilisikia hivyo, na sikufumba macho.”

Gordon akacheka. Hajji hakucheka. Tukapita Uriri, watu wakipanga mboga kando ya barabara. Tukapita Awendo, harufu ya miwa iliyopikwa ikaingia kebini. Lori lilivuta vizuri. Kila kilomita iliyopita niliona mabega ya Hajji yakilegea na ya kwangu yakipanda. Alimuuliza Kerosi kama ana mke. Alimuuliza kama nyumba aliyopanga haivuji. Mimi hajawahi kuniuliza juu ya paa langu, na lilikuwa likivuja tangu mvua ya El Nino haijaitwa jina.

Tulipoanza kupanda kuelekea Rongo, lori likashtuka mara ya kwanza, kidogo tu, kama mtu aliyekumbuka kwamba ameacha mlango wazi. Gordon akakanyaga. Lori likasita. Akakanyaga tena, likaruka, tukatupwa mbele, tukarudishwa nyuma, fimbo ya Hajji ikanipiga kifuani. Likaruka mara tatu, likakohoa, likazima. Gordon akalivuta kando na kuweka jiwe chini ya gurudumu.

Sitakuficha. Nilifurahi. Nilishuka nikijinyoosha kama mtu aliyefika kwenye sherehe.

Kerosi alifungua boneti, akaingia ndani mpaka kiunoni. Hajji akasimama kando yake. Mimi nilizunguka upande wa tangi, ambako Gordon alikuwa na kijiti chake cha kupimia dizeli, maana geji ililala zamani. Alishika kifuniko cha tangi, akakaza meno, akakizungusha kwa mikono miwili.

Kikatoka. Na tangi likavuta hewa.

Fyuuuuu.

Lilivuta kwa muda mrefu, kama mtoto aliyepiga mbizi na kuchelewa kurudi. Kisha bati la tangi likagonga kwa ndani, ponk, na shavu lake lililobonyea likarudi nje kidogo. Ule ubonyeo sote tuliuona tangu Machi na kusema ni jiwe.

“Hii tangi siku hizi ina gesi,” Gordon akasema, akichovya kijiti. “Kila nikifungua inafanya hivyo. Omera, ni kama mtu amekula maharagwe.”

“Kila ukifungua?”

“Kila nikifungua.”

Nikakichukua kifuniko mkononi mwake, nikakigeuza.

Januari, Hajji alinijia akilalamika kwamba dizeli inamwagika mdomoni mwa tangi kwenye vilima na kuingia kwenye magunia. Wateja walikataa mahindi yanayonuka. Nilikata gasketi mbili kutoka tyubu ya gurudumu, nikazibandika moja juu ya nyingine. Kwenye kifuniko chenyewe palikuwa na kitundu kidogo, sindano tu ingepita, nacho kilikuwa kinatokwa na mafuta. Nikakiziba kwa risasi ya kuyeyusha. Hajji alinisifu mbele ya mafundi wote: “Gisiri, hata harufu haitoki.” Niliishi na sifa ile wiki nzima.

Kitundu kile nilikuwa nakijua. Ungeniuliza njiani kazi yake ni nini, ningekujibu kwamba ndipo tangi linapopumulia: dizeli ikitoka, hewa iingie kuchukua nafasi yake, la sivyo pampu itavuta mpaka ishindwe, na tangi lililojaa litaishinda mapema zaidi kwa kuwa halina hewa ya akiba. Lakini siku ile Hajji alikuwa amesimama nyuma yangu, na mimi niliona mahali panapovuja tu. Nikaliziba lori pua, nikapigiwa makofi. Na kila nilipolitibu, nilifungua kifuniko kwanza, likapumua, nikadhani dawa yangu imefanya kazi.

“Nani amekufa?” Gordon akaniuliza.

“Hakuna,” nikasema. Nikakirudisha kifuniko mahali pake. Nikakikaza.

Ndiyo. Nilikikaza mwenyewe.

Mbele, Kerosi alisukuma pampu ndogo ya mkono, akatoa hewa kwenye filta, akamwambia Gordon ajaribu. Lori likawaka mara moja. Hajji akanigeukia.

“Umeona, Gisiri? Mkono.”

“Nimeona.”

Tukaondoka. Kutoka Rongo hadi karibu na Rodi nilikaa na siri ile chini ya ulimi kama mtu anayevusha pipi kanisani. Nilijua litazima tena. Nilijua ni wapi, karibu hata na mti gani. Kerosi angesimama mbele ya Hajji na ovaroli yake yenye jina na asijue la kusema. Angerudi Homa Bay na sanduku lake la ngazi tatu. Baadaye, wiki moja au mbili, mimi ningechomoa ile risasi kwa siri na kuwa mponyaji. Mpango ulikuwa mtamu, ila haukutelemka.

Kerosi aliniinamia. Mkononi alikuwa na kovu la moto, la zamani, la mtu aliyefundishwa kazi kama nilivyofundishwa.

“Mzee, hii pampu nani aliiseti?”

“Mtu tu.”

“Huyo mtu anajua. Nimeisikiliza tangu Migori, haina kosa. Ndiyo maana naogopa kuifungua.”

Hata sifa alinipa. Nilimwonea wivu kwa namna alivyoweza kuisema bila kuumia.

Lilizima tukiwa bado hatujafika Rodi, kwenye mteremko mfupi unaofuatwa na kilima. Safari hii Hajji hakushuka polepole. Wateja wa Homa Bay walikuwa wanamsubiri tangu saa nne na jua lilikuwa limepita kichwani.

“Ulisema pampu,” akamwambia Kerosi.

“Nilisema nadhani, Hajji. Si mahali pa kufungulia hapa. Tuivute mpaka—”

“Hakuna kamba tena. Ifungue hapa hapa.”

“Vumbi, Hajji.”

“Au huwezi?”

Kerosi alinitazama. Sijui alitafuta nini usoni mwangu, lakini hakukipata, kwa maana aligeuka, akatandaza gunia chini na kupanga spana zake moja moja. Gari la abiria likapita kwa kasi na kutumwagia vumbi jekundu sote, na gunia lake safi likageuka rangi. Akapanda kwenye bampa. Nikapanda upande wa pili, kama sheria inavyosema, nione.

Pale pampu inapokutana na injini kuna alama nyekundu. Nilipoiseti nilitaka kuweka doa nisije kupoteza mahali pake, na sikuwa na rangi, nikaiba rangi ya kucha ya Celestine. Alinuna siku mbili. Tone lile lilikuwa bado pale, limezungukwa na uchafu wa miaka, jekundu kama siku ile.

Kerosi akaweka spana kwenye nati ya kwanza. Nikaona ncha ya spana ikikwaruza ile rangi.

Ninyi mnaojua wivu wa ndoa mtanielewa. Kuna kumwonea wivu mtu aliyesimama na mkeo, na kuna kuona mkeo anakaribia kuumizwa. Cha pili hakingoji ushauri.

“Toa mkono,” nikasema.

“Mzee?”

“Toa mkono kwa pampu yangu. Pampu haina kitu. Wewe mwenyewe umesema.”

Nikaruka chini, nikaenda kwenye tangi. Wote wakanifuata. Nikashika kifuniko kwa mikono miwili nikakizungusha, na tangi likavuta hewa mbele ya Hajji, refu, la aibu. Fyuuuuu. Ponk.

“Ile gesi,” Gordon akasema.

Kerosi akasogea karibu. Alikichukua kifuniko, akakigeuza, akapitisha kidole juu ya gasketi mbili, akazisukuma pembeni, akaiona risasi. Akafumba macho. Nilidhani anasikiliza tena, kumbe anazuia kicheko.

“Imenyimwa pumzi,” akamwambia Hajji. “Dizeli inatoka, hewa haiingii. Pampu inavuta, tangi nayo inavuta. Ndiyo inaruka-ruka, halafu inazima. Ukifungua hapa, inapona.”

Hajji alikitazama kifuniko. Akakumbuka. Niliona akikumbuka.

“Hii ni kazi yako, Gisiri.”

“Ni yangu.”

“Nilikusifu.”

“Ulinisifu, Hajji.”

“Na ulijua lini?”

Hapo ndipo nilipotamani kuwa ndani ya tangi. Gordon aliangalia mawingu. Kerosi alikuwa na kifuniko mkononi, na ningeweza kusema nimejua sasa hivi, na hakuna ambaye angenipinga.

“Rongo,” nikasema. “Gordon alipofungua.”

“Ukafunga tena?”

“Nikafunga tena.”

Hajji aligeuka, akatembea hatua kumi, akasimama akitazama shamba la mtu. Kerosi alitoa msumari mwembamba kwenye sanduku lake na kunipa. Nilikaa chini kwenye vumbi nikatoboa ile risasi, taratibu, mpaka nikaona mwanga upande wa pili. Nikatoboa na gasketi. Nikapuliza, hewa ikapita.

Lori lilipanda Rodi bila kusita. Liliteremka kuelekea ziwa likinguruma kama siku za ujana wake. Hata Gordon alinyamaza, jambo ambalo halijatokea tena. Homa Bay tuliwakuta wateja wamekasirika. Wapagazi walipokuwa wakishusha gunia la mwisho, Hajji akatuita mimi na Kerosi kwenye kivuli cha lori.

“Nilisema atakayeiponya ataishika,” akasema. “Aliyeiponya ni Gisiri. Sikusema lazima awe mtu mzuri.”

“Hajji—” nikaanza.

“Sijamaliza. Huyu naye ameifungua. Ni fundi wake wa mwisho kabla yako. Nyinyi mna sheria yenu, nimeiona leo ikinifaa. Kila ukiitengeneza, huitoi barabarani bila yeye kukaa ndani. Siku nikiiona inapimwa na hayupo, naiuza kule Sori waifanye banda la kuku.”

Niliporudi nyumbani nilimweleza Celestine yote, nikiruka tu habari ya rangi yake ya kucha. Alicheka mpaka akakaa chini.

“Kwa hiyo umeshinda.”

“Nimeshinda.”

“Mbona uko hivyo?”

Lori halikuugua tena ugonjwa ule. Lakini gari la zamani ni gari la zamani. Mwezi uliofuata breki zililegea, nikazirekebisha siku mbili, na asubuhi ya tatu ikabidi niende kumwita. Nilimkuta amevaa ovaroli yake, safi kama kawaida. Mafundi wote wa ule mstari waliacha kazi zao kutazama.

“Kerosi, habari ya asubuhi. Naipima Bedford mpaka Uriri. Nakuomba ukae ndani.”

Alifuta mikono yake kwa kitambaa, kidole baada ya kidole. Akafunga sanduku, ngazi moja, ngazi ya pili, ya tatu. Kisha akanitazama kwa heshima zake zote, akakunja midomo, akavuta hewa polepole.

Fyuuuuu.

Mstari mzima ukaangua kicheko. Nikasimama pale nikingoja amalize, nikiangalia jina lake kifuani, lile lililoshonwa kwa uzi mwekundu. Lilikuwa limeshonwa vizuri sana.